Mhadhara wa Mtaa na Chakula cha Pamoja: Mwongozo Kamili wa Kuanzisha Mfululizo Usiokufa Mwezi wa Tatu

Mwezi wa kwanza wanakuja watu sitini, picha zinapigwa, mwenyekiti wa mtaa anashukuru. Mwezi wa pili wanakuja thelathini. Mwezi wa tatu imebaki kamati peke yake, inakula wali uliopoa na kulalamika kwamba wananchi hawana mwamko. Maswali yanayonifikia kuhusu mihadhara ya mtaani karibu yote yanaanzia hapo, na karibu yote yanatafuta dawa kwa mtoa mada: tumlete nani mkubwa zaidi, tukodi projekta, tuchapishe fulana?

Dawa haiko huko. Mihadhara ya namna hii hufia jikoni. Chakula kinachelewa, mtoa mada anaambiwa "endelea kidogo", wazee wenye kisukari wanaondoka na njaa, akina mama waliopika hawakusikia hata neno moja, na yule mmoja aliyelipia nyama kutoka mfukoni mwake anachoka kimyakimya. Kwa hiyo hapa tutapanga sufuria kwanza, mhadhara tuupange kuzunguka sufuria hiyo.

Mfano ninaoutumia ni mtaa wa Dar es Salaam, watu 40, mara moja kwa mwezi. Kwingine badilisha vipimo, lakini mpangilio uache kama ulivyo.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujatangaza

Watu watano wenye kazi zao: mratibu, mweka hazina, mkuu wa jiko, mshika saa, na mwandishi wa daftari. Mkuu wa jiko asiwe pia mshika saa, maana siku moto ukizingua ndiyo siku saa inasahaulika.

Vyombo:
- sufuria kubwa mbili zenye mifuniko mizito, mwiko, upawa, nyungo mbili
- majiko mawili ya mkaa, au mafiga na kuni kama uwanja unaruhusu
- ndoo mbili zenye koki, moja ya kunawia na moja ya kunywea, na sabuni ya kipande au ya maji
- mabeseni matatu ya kuoshea vyombo
- viti 40, na mikeka kwa wanaopenda kukaa chini
- sahani na vijiko 10 vya akiba. Wengine watakuja na vyao (sababu iko hatua ya 5)
- spika ndogo yenye kipaza sauti kimoja, ikiwa mpo nje

Chakula cha pilau kwa watu 40: mchele kilo 6, nyama kilo 5, viazi mviringo kilo 3, vitunguu maji kilo 2, mafuta lita 1 na kidogo, kitunguu saumu, tangawizi na viungo. Kachumbari: nyanya kilo 3, vitunguu kilo 1 na nusu, ndimu. Matunda: matikiti maji makubwa matatu au manne, au ndizi mbivu, moja kwa kila mtu na za ziada.

Maji: ndoo ya lita 20 ya kunywa, iliyochemshwa au kutiwa dawa, ni nusu lita kwa kila mtu. Weka nyingine ya kunawa, na nyingine tatu za kupikia na kuoshea vyombo. Maji ya bomba yakiwepo, bado jaza ndoo jioni ya kuamkia. Hakuna anayehitaji kuelezwa kwa nini.

Kama orodha hii imekutisha, anza na watu 20, ukate kila kipimo nusu. Usianze na watu mia.

## Hatua ya 1: Barua, na mahali

Andika barua ya ukurasa mmoja kwa serikali ya mtaa. Mpelekee mtendaji nakala, na mwenyekiti mweleze kwa mdomo. Zanzibar barua hiyo inakwenda kwa sheha. Eleza wazi kwamba ni mhadhara wa elimu wenye chakula, si mkutano wa hadhara, na muulize mtendaji kama polisi kata anahitaji taarifa. Baki na nakala iliyogongwa muhuri. Siku atakapopita mtu kuuliza "hiki ni kikundi gani?", muhuri utajibu.

Mahali pawe na vitu vinne: kivuli, choo, maji, na nafasi ya jiko ambalo mpishi akikaa pembeni yake anamsikia mtoa mada. Hilo la nne wengi hulipuuza, na ndilo litakaloamua kama akina mama watarudi.

Darasa la shule ya msingi ni rahisi kulipata, ila madawati yake ni mateso kwa mzee wa miaka sabini, kwa hiyo beba viti. Ukumbi wa msikiti au wa kanisa unaweza kuwa mzuri sana na ukawapunguzia nusu ya mtaa bila mtu kusema neno. Ukumbi wa kata, ua wa ofisi ya mtaa, au chini ya mwembe wa mtu anayeheshimiwa na wote ndiyo machaguo salama. Epuka jirani wa mashine ya kusaga na baa ya kona.

Kabla ya kukubali, nenda pale saa ileile ya mhadhara, Jumamosi, usimame kimya dakika kumi. Utasikia usichokisikia siku za kazi.

## Hatua ya 2: Siku na saa

Ijumaa mchana ni ya swala. Jumapili asubuhi ni ya ibada. Jumamosi ni sabato kwa Wasabato, nao wapo kwenye mitaa mingi kuliko kamati nyingi zinavyodhani. Hakuna siku isiyomgusa mtu, kwa hiyo waulize majirani zako halisi, usibuni. Mtaa wenye Wasabato wengi hufanya Jumapili alasiri, chakula kikawa cha saa kumi. Katika mfano huu tunachukua Jumamosi ya pili ya mwezi.

Ukishachagua, usihame. "Jumamosi ya pili" mtu anaikumbuka bila kuambiwa. "Tutawajulisha" haikumbukwi na mtu.

Mwezi wa Ramadhani hakuna chakula cha mchana. Ama ruka mwezi huo, ama sogeza mhadhara saa kumi na moja jioni mmalizie na futari, ambayo kwa uzoefu wangu huleta watu wengi kuliko siku nyingine zote. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, usipange kitu cha uwanjani bila turubai. Vuli ya Oktoba hadi Desemba haina adabu pia.

Saa: watu waitwe saa 4:30 asubuhi, mhadhara uanze saa 5:00 kamili, chakula saa 6:30. Kuna sababu. Kwa Dar es Salaam adhuhuri huingia kati ya saa 6 na dakika chache na saa 6 na nusu na ushei, kutegemea mwezi. Mkimaliza maswali wakati huo, anayeswali anakwenda kuswali wakati wengine wananawa mikono, na hakuna anayelazimika kuchagua kati ya swala na sahani. Muulize imamu wa msikiti wa jirani saa ya swala ya jamaa, kisha rekebisha ratiba kwa dakika kumi huku au kule.

## Hatua ya 3: Mada nne, zilizotoka milangoni

Usitangaze mfululizo usio na mwisho. Tangaza mihadhara minne, yenye tarehe nne na mada nne, kwenye karatasi moja. Mtu anaweza kuahidi miezi minne. Milele haahidi, na kamati nayo haiwezi.

Mada usizitunge kwenye kikao. Gawaneni milango, kila mjumbe kaya kumi, na swali liwe hili: "Kitu gani kinakusumbua ambacho ungepata mtu anayekijua ungemkalisha chini umuulize?" Usiulize "mngependa elimu gani?", maana utajibiwa ujasiriamali kila nyumba.

Majibu yatakuja mapana. Yakaze. Kwa mfano:

- "Mirathi" ni pana mno. Hapa kwetu kuna sheria ya kimila, ya Kiislamu na ya Serikali, na mtoa mada akianza kuzieleza zote saa nzima imekwisha. Kaza iwe: *Baba amefariki, nyumba ina jina lake: tuanzie wapi?* Hapo atazungumzia cheti cha kifo cha RITA (wakala wa Serikali unaosajili vizazi na vifo), muhtasari wa kikao cha ukoo, na mahakama ya kwenda. Watu wanaondoka na kitu cha kufanya Jumatatu.
- "Afya" iwe *Presha: kipimo cha 140 kwa 90 maana yake nini, na dawa ukiziacha kinatokea nini.*
- "Ardhi" iwe *Leseni ya makazi na hatimiliki: karatasi uliyonayo inakulinda kiasi gani?*
- Na moja itoke ndani ya mtaa: mzee aliyekuwepo kabla ya nyumba hizi aeleze maji yalikuwa yakipita wapi. Usiidharau. Ndiyo mada inayoleta vijana na wazee pamoja, na kwenye mitaa ya mabondeni ina faida ya moja kwa moja kwa anayetaka kujenga.

Weka ya kwanza ile inayouma zaidi. Ya mzee iwe ya tatu, mwezi ambao mahudhurio hushuka, kwa sababu mzee huja na ukoo wake mzima.

## Hatua ya 4: Mwandae mtoa mada

Mtumishi wa umma huombwa kupitia ofisi yake. Barua iende kwa mganga mkuu wa wilaya au kwa mkurugenzi wa halmashauri, angalau wiki tatu kabla, na mtu wa kuifuatilia. Kwa mambo ya sheria, tafuta watoa msaada wa kisheria waliosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017; wengi wao ni wasaidizi wa kisheria wanaofanya kazi katika wilaya yako, nao kuzungumza na watu wa kawaida ndiyo kazi yao.

Wiki moja kabla, mpigie simu au mfuate, umwambie haya bila kuzunguka:

1. Una dakika 40. Mshika saa atanyanyua karatasi ya njano zikibaki tano.
2. Mambo matatu tu. La nne liache kwenye maswali.
3. Hakuna projekta. Jua la saa tano linaifuta, na umeme una mambo yake.
4. Sema kwa Kiswahili cha nyumbani. Neno la kitaalamu likibidi, lieleze papo hapo.
5. Tutakurudishia nauli na utakula nasi. Posho hatuna.

Hilo la tano lisemwe mapema, tena kwa heshima. Wengi watakubali. Atakayekataa ni heri akatae sasa kuliko siku yenyewe, mbele ya watu, akiuliza "bahasha yangu iko kwa nani?"

Tahadhari. Muulize moja kwa moja kama anauza kitu. Kuna watu wanaojitambulisha kama wataalamu wa lishe, na dakika ya 30 wanafungua begi la virutubisho. Mkiruhusu mara moja, mtaa utaamini kwamba pilau lilikuwa chambo. Vivyo hivyo kwa mwenye nia ya kugombea. Mkaribishe aje asikilize, akae kwenye kiti cha plastiki kama wengine.

Na hakuna mgeni rasmi. Ukishamwita mgeni rasmi unahitaji risala, meza yenye kitambaa, utambulisho wa viongozi mmoja mmoja hadi mtu aseme "itifaki imezingatiwa", na mgeni mwenyewe anafika saa 6:15. Mwenyekiti wa mtaa apewe dakika mbili za kukaribisha. Anastahili, na zinatosha.

Mtoa mada yuko tayari ukimuuliza "mambo yako matatu ni yapi?" naye akayataja kwa pumzi moja.

## Hatua ya 5: Chakula, nani analeta nini

Kuna njia tatu. Kila kaya ilete chungu chake. Au mama lishe alipwe apike. Au mpike pamoja.

Ya kwanza inapendeza masikioni, lakini inaaibisha. Mwenye biriani atajulikana, na mwenye kisamvu bila nazi atajulikana pia. Mwezi ujao haji. Tena hujui kila chungu kilipikwa lini. Ya pili ni nyepesi, ila ni ghali, na inageuza wenyeji kuwa wateja: wanaanza kulalamikia nyama. Mimi ninashauri ya tatu, kwa marekebisho haya: chakula kikuu kipikwe palepale kwenye sufuria moja, na kaya zilete kisichoharibika: ndizi, machungwa, ndimu, mkaa, chumvi, majani ya chai, au mikono miwili. Asiye na hela anachambua mchele na kuteka maji, na daftari linaandika "mkaa", "nazi" na "kuchambua" kwenye safu moja.

Nyama inunuliwe kwenye bucha ambayo kila mtu wa mtaa anakula. Kuku wachinjwe na Mwislamu. Nguruwe asikaribie sufuria hizo, hata siku nyingine, watu wanauliza. Mara moja moja pika wali, maharage na mchicha badala ya pilau, kwa kilo 4 za maharage yaliyolowekwa usiku kucha. Ni nafuu, na hauna mjadala wa nyama.

Kila mtu aje na sahani na kijiko chake, aondoke navyo. Kamati nyingi huona ni uchoyo. Lakini sahani 40 ni beseni kwa beseni za maji na saa nzima ya mtu kuinama, na mtu huyo huwa ni mama yuleyule kila mwezi. Kila mtu akiosha yake nyumbani, zinabaki sufuria na akiba kumi za wageni.

Zamu ya jiko iandikwe kwa majina, na nusu wawe wanaume. Usiseme "vijana watasaidia". Andika fulani na fulani, saa 2:00 asubuhi, kukata vitunguu.

### Usafi usio na mjadala

- Anayeharisha au mwenye kidonda kibichi mkononi hapiki wala hapakui. Mpe kazi ya kupokea watu.
- Kachumbari haijaiva kwa moto, kwa hiyo ndiyo hatari kuu. Osha nyanya kwa maji salama, kata mwisho kabisa, kwa kisu na ubao ambavyo havijagusa nyama mbichi.
- Chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa mbili kikiwa vuguvugu. Wali una vijidudu ambavyo mbegu zake hustahimili kuchemka, na huzaliana wali ukiachwa upoe taratibu. Sumu vinayoitoa haiondoki kwa kupasha moto.
- Likiwepo tangazo la kipindupindu, mhadhara uwe bila chakula mpaka afisa afya aseme vinginevyo.

## Hatua ya 6: Hela

Piga hesabu ya gharama yote, gawa kwa watu 30 hata kama unapikia 40. Robo hawatachangia, au watachangia mkono wao, na hiyo ni sawa.

Michango ikusanywe kwa kopo lenye tundu, likae mlangoni, lisizungushwe. Usisome majina ya waliotoa wala kiasi. Tumezoea kwenye kamati za harusi, lakini harusi ni mara moja. Hapa unataka mtu mwenye elfu moja arudi mara nne. Wanaotuma kwa simu watume kwa namba moja ya mweka hazina, na mtu wa pili aone miamala yake kila mwezi.

Siku ileile, kabla watu hawajatawanyika, bandika karatasi ukutani: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Mistari minane inatosha. Siku utakapoona mtu anaisoma na kuondoka bila kuuliza, hapo mweka hazina wako ameaminiwa.

Usikubali mfadhili mmoja alipie miezi yote minne. Akisafiri, mfululizo umesafiri.

## Hatua ya 7: Siku yenyewe, saa kwa saa

Saa 2:00. Kuchambua mchele, kukata vitunguu, kuwasha mkaa. Mratibu anampigia mtoa mada: "Umeshaondoka?"

Saa 3:00. Nyama jikoni. Viti vipangwe nusu duara, safu mbili au tatu. Safu kama za darasani zinawafanya wa nyuma wawe watazamaji.

Saa 4:20. Mchele unaingia.

Saa 4:30. Watu wanaanza kufika. Wape sababu ya kuwahi: chai ya tangawizi, na siku ya mada ya presha, muuguzi mwenye mashine apime hadi saa 5:00 kamili, kisha afunge. Wakikosa mara moja, mwezi ujao utawaona saa 4:25.

Saa 4:55. Sufuria inapaliwa: makaa juu ya mfuniko, machache chini. Hili ndilo fundo la ratiba nzima. Sufuria ikishapaliwa haihitaji mwiko, na mpishi anavua kanga ya jikoni, anakaa kwenye kiti chake alichowekewa alama, anasikiliza mhadhara kama mtu mwingine yeyote. Makaa ya juu yanakufa taratibu, na pilau linakusubiri likiwa la moto. Mkipika kitu kinachotaka kukorogwa hadi mwisho, mmeshamfukuza mpishi mhadharani.

Saa 5:00. Mnaanza, hata kama wapo watu tisa. Siku mtakayowasubiri wachelewaji ndiyo siku waliowahi watajifunza kuchelewa.

Saa 5:40. Mtoa mada anakaa.

Saa 5:40 hadi 6:20. Maswali.

Saa 6:20. Tangazo la mhadhara ujao: tarehe, mada, na majina ya zamu ya jiko. Litolewe kabla ya sahani. Baada ya sahani hakuna anayesikiliza tangazo hapa nchini.

Saa 6:30. Kunawa, kuswali, kupakua. Kutoka kupalia hadi kupakua ni saa moja na dakika 35. Mkichelewa zaidi ya hapo, mnaigusa ile saa mbili ya usafi.

## Hatua ya 8: Maswali bila hotuba za pili

Ukisema "kuna mwenye swali?", atasimama mwanaume yuleyule, naye ataanza na "mimi sina swali, nina mchango". Zuia kabla hajasimama.

Mtoa mada akimaliza, waambie watu wageukiane wawili wawili kwa dakika tatu: "Mwambie jirani yako kitu kimoja ambacho hujakielewa." Kelele itapanda, ndiyo unayoitaka. Mtu asiyethubutu mbele ya arobaini anathubutu mbele ya mmoja, na akishalitamka swali mara moja, mara ya pili ni rahisi.

Swali la kwanza atoe mwanamke au kijana. Anayeongoza maswali amtafute mapema. Swali moja kwa mtu, nusu dakika. Kwa mada zenye aibu au ugomvi wa kifamilia, pitisha karatasi ndogo na kalamu, zikusanywe kwenye kofia. Kwenye mirathi utashangaa mikono ilikuwa mitatu na karatasi ziko kumi na tano.

Swali la mtu binafsi sana, kama "mimi mume wangu alinunua kiwanja mwaka 1998...", usiliache limeze dakika kumi. Sema: "Hilo, mama, utalikalia na mtaalamu wakati wa chakula." Halafu hakikisha anakalia kweli.

Yasiyojibiwa yaandikwe daftarini, na mwezi ujao dakika tano za kwanza ziwe za majibu yake. Mtu aliyeuliza atakuja kusikia jibu lake.

## Hatua ya 9: Kula

Wazee, wajawazito, wenye kisukari na watoto wanapakuliwa kwanza. Mtangaze hivyohivyo kwa sauti, ili asijihisi mtu kwamba amerukwa.

Watoto watakuja, tena ambao wazazi wao hawajaja. Usiwafukuze na usijifanye hukuwatarajia: vipimo vya juu vina nafasi ya watoto sita au saba. Wakizidi hapo, ongeza kilo moja ya mchele mwezi ujao.

Anayetaka kula kwenye sinia na wenzake wanne ale, anayetaka sahani yake apewe. Ila mtoa mada asihamishiwe ofisini na soda yake na paja la kuku. Hapa ndipo mhadhara wa pili unapofanyika, na kwa kweli ndio bora zaidi: mtu anauliza jambo lake halisi, mdomo una pilau, hakuna kipaza sauti. Mratibu amsogeze mtoa mada makundi mawili au matatu, akimkalisha pale palipobaki swali.

Chakula kikibaki, kigawiwe saa hiyohiyo kwenye hotipoti na bakuli za watu. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Tanzania tangu Juni 2019, na wali kwenye mfuko ulikuwa unaharibika haraka hata hivyo.

## Hatua ya 10: Kabla ya kurudi nyumbani

Kamati ikae dakika ishirini, si zaidi. Mwandishi anasoma: waliokuja, waliorudi tangu mwezi uliopita, maswali yaliyobaki, chakula kilitosha au la.

Namba ya kuangalia ni ya waliorudi. Arobaini wapya kila mwezi ni umati tu. Ishirini na tano waliorudi na kumi wapya ni mtaa unaosoma. Mwezi wa tatu ukikuta nusu ya waliokuja mwezi wa kwanza bado wapo, mko vizuri.

Kwenye daftari la mahudhurio andika jina, na namba ya simu kwa anayetaka kukumbushwa tu. Usilipige picha na kulitupa kwenye kundi la WhatsApp. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata isingekuwepo, namba ya mke wa mtu si ya kusambaza. Picha za watu wakila zinaombewa ruhusa.

Baada ya mhadhara wa nne, pumzikeni mwezi mmoja. Kabla ya kuanza minne mingine, mratibu na mkuu wa jiko wabadilishwe, hata kama walifanya vizuri. Hasa kama walifanya vizuri.

## Yakiharibika siku hiyohiyo

Mtoa mada hajafika saa 5:00. Soma maswali yaliyobaki ya mwezi uliopita, mwombe mwenye uzoefu asimulie hatua alizopitia yeye. Mtaa wa kaya mia mbili haukosi mtu aliyewahi kufuatilia mirathi hadi mwisho. Akifika saa 5:40, ana dakika 20. Chakula hakisogezwi.

Mvua. Kama jiko limelowa kabla mchele haujaingia, chemsheni viazi na nyama ile iwe mchuzi chini ya kibaraza. Kama sufuria imeshapaliwa, wanaume wanne waibebe, wenye vitambaa, na mmoja atangulie kuondoa watoto njiani.

Pilau limeungua chini. Epua mara moja, usikoroge, pakua la juu. Ukoko una wateja wake.

Wamekuja sabini. Upawa mmoja badala ya mmoja na nusu, kachumbari na tikiti viongezeke kwenye sahani, kamati ile mwisho. Mtume mtu mapema, saa 5:30, dukani kwa mkate, na kwa mama lishe wa jirani kwa maharage yaliyokwisha kupikwa. Saa 6:30 utakuwa umechelewa.

Wamekuja kumi na wawili. Sogezeni viti viwe duara moja, zimeni spika. Mtoa mada apunguze hadi dakika 25, maswali yaongezwe. Pilau lililozidi lipelekwe mlango kwa mlango likiwa bado la moto, kwa kaya za wagonjwa na wazee wasiotoka, pamoja na karatasi ya tarehe zilizobaki.